KOSA LA HERUFI SI UKOSEFU WA AKILI



Ndugu zangu wasomaji, wazazi wetu waheshimiwa na wanafunzi wapenzi. Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena katika kurasa za jarida letu, naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni tahajia ya maneno ya Kiingereza. Najua atakuwepo atakayeuliza, "Jarida la madrasa na Kiingereza wapi na wapi?" Jibu langu ni kwamba watoto wanaokaa mikekani hapa jioni ndio hao hao wanaokaa madawatini asubuhi. Wakivunjika moyo kule, huku pia wanakuja wamevunjika.

Nianze na yaliyonifika mwenyewe. Nilipomaliza kidato cha nne niliandika barua ya kuomba kazi katika ofisi moja. Niliiandika kwa mkono, usiku kucha, nikaichana na kuianza upya mara tatu. Karani aliyeipokea aliifungua mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni. Mstari wa kwanza nilikuwa nimeandika "writting" kwa t mbili, na mwishoni nimeandika "greatful" badala ya "grateful". Akasoma kwa sauti, akacheka, na waliokuwepo wakacheka naye. Kazi sikupata, lakini hilo halikuniuma sana, kwani riziki anagawa Mwenyezi Mungu. Kilichoniuma ni kwamba kwa miaka mingi baada ya siku ile sikuandika tena barua ya Kiingereza kwa mkono wangu. Kila nilipohitaji barua nilimwendea shemeji yangu aniandikie, na mimi nina cheti kama yeye.

Nilidhani hayo yamepita. Mwaka jana nikafungua daftari la binti yangu aliye kidato cha kwanza. Ameandika insha kuhusu safari ya ufukweni. Bahari ilikuwa "nice", chakula kilikuwa "nice", mashua zilikuwa "nice", na siku yote ilikuwa "nice". Nikamuuliza, "Mwanangu, huna neno jingine?" Akaniambia, "Ninalo baba. Nilitaka kuandika 'beautiful', lakini sina hakika na herufi zake, na nikikosea watanicheka."

Ndugu wasomaji, hapo ndipo nilipoona hasara yenyewe. Mtoto ana neno kichwani, ana jambo la kusema, lakini analificha kwa kuogopa herufi. Leo anaficha neno moja, kesho ataficha swali, na keshokutwa ataficha jibu analolijua. Mwisho wake tunasema, "Mtoto huyu hana kichwa."

Kwanza tuwe waadilifu, tutazame mtoto anakosea kwa nini. Kiswahili chetu kinaandikwa kama kinavyosikika. Ukisikia "baiskeli" unaandika baiskeli, ukisikia "penseli" unaandika penseli. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari ambako masomo karibu yote ni ya Kiingereza, anakwenda na kanuni hiyo hiyo. Ndiyo maana anaandika "bikos" na "nolej". Huyo hakufanya uzembe. Amefuata kwa uaminifu kanuni aliyofundishwa, ila ameifuata katika lugha isiyoitambua.

Kiingereza chenyewe kina historia ndefu ya kuchanganya mambo. Zamani Waingereza walikuwa wakiitamka ile k iliyo mwanzoni mwa "knife" na "knee". William Caxton alipofungua mtambo wa kuchapia vitabu huko Westminster mwaka 1476, maandishi yalianza kutulia polepole, lakini ndimi za watu ziliendelea kubadilika. Sauti ya k ikafa, herufi yake ikabaki. Halafu wakaja wanazuoni waliotaka maneno yafanane na Kilatini, wakatia b katika "debt" ingawa haikuwa ikitamkwa. Katika "island" wakatia s kwa kudhani kimakosa kwamba asili yake ni ya Kilatini. Kwa hiyo baadhi ya herufi zinazowasumbua watoto wetu ni makosa ya wakubwa wa zamani yaliyogeuka kuwa sheria!

Wenyewe pia wanahangaika. Shakespeare, ambaye wanamhesabu kuwa bingwa wa lugha yao, ameacha saini chache tu, na jina lake hakuliandika kwa namna moja katika zote. Kule Marekani tangu mwaka 1925 yapo mashindano ya taifa ya watoto ya kutaja herufi za maneno. Lugha inayoandikwa kama inavyosikika isingekuwa na haja kubwa ya mashindano ya namna hiyo. Na hao Wamarekani huandika "color" na "center" pale Waingereza wanapoandika "colour" na "centre", jambo lililopata nguvu kwa kamusi ya Noah Webster ya mwaka 1828. Simu nyingi zimepangwa kwa Kiingereza cha Marekani, basi mtoto akiandika "colour" kama alivyofundishwa shuleni, simu inampigia mstari mwekundu, naye anadhani amekosea.

Sasa nije kwenu, wanafunzi wa madrasa. Nataka mjue kwamba nyinyi mna silaha ambayo wenzenu wengi hawana. Mmekwishajifunza kusoma herufi zinazoandikwa na zisitamkwe. Mnaposoma "ash-shams", lamu ipo imeandikwa na ulimi unaipita. Mnapoona "qaaluu", mwisho wake ipo alifu isiyosomeka. Neno "swala" ndani ya msahafu mnaliona limeandikwa kwa wau, nanyi mnalisoma kwa alifu bila kubabaika. Je, aliyeweza hayo akiwa na miaka saba atashindwa na k ya "knife" akiwa na miaka kumi na minne?

Shadda nayo mnaijua. Herufi yenye shadda inatamkwa kwa mkazo wa herufi mbili. Katika Kiingereza herufi mbili hazitamkwi kwa mkazo huo, lakini mara nyingi zina kazi yake, nayo ni kuifanya irabu iliyotangulia iwe fupi. Tazameni "hoping", kutumaini, na "hopping", kuruka kwa mguu mmoja. Laiti ningelijua hilo mapema, nisingeandika "writting", kwani irabu ya "writing" ni ndefu, ndiyo maana t ni moja. Katika "written" irabu ni fupi, na hapo t zinakuwa mbili.

Mliyaweza hayo ya Kiarabu kwa sababu mwalimu aliwakalisha na ubao, mkaitaja herufi moja moja na irabu zake, mkaandikishwa imla, mkafuta na kuandika tena. Hata neno lenyewe "tahajia" tumelipata kwa Kiarabu. Mimi ninachosema ni kwamba njia hiyo hiyo ichukuliwe ikatumike katika Kiingereza. Napendekeza haya:

Kwanza, imla ya maneno kumi nyumbani, mara tatu kwa wiki. Mzazi asiyejua Kiingereza asijitoe. Amshikie mtoto kitabu, mtoto ataje herufi, mzazi afuatilie kwa kidole. Herufi za "receive" ni zile zile a, b, ch ulizojifunzia Kiswahili.

Pili, daftari la makosa. Kila neno ulilokosea liandike humo kwa usahihi, siyo kwa kosa lake, ili jicho lizoee lililo sawa.

Tatu, likate neno na ulisome kichwani kama lilivyoandikwa. "Wednesday" lisome Wed-nes-day, "February" lisome Feb-ru-a-ry. Mdomoni utatamka kama watu, lakini mkono utakumbuka.

Nne, jiwekee alama za kukumbukia. Katikati ya "separate" amejificha panya, "a rat". Ndani ya "believe" mna "lie", yaani uongo. "Accommodation" ni malazi, na nyumba ya wageni ina vitanda viwili viwili: c mbili, m mbili. Kanuni ya kutanguliza e baada ya c, kama katika "receive", itakufaa mara nyingi, ila "science" na "species" zimeikataa, basi hizo zihifadhi kama zilivyo.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi simu inasahihisha yenyewe, tahajia ya nini tena? Simu ni msaada, sikatai. Lakini ukiandika "their" mahali pa "there", au "form" mahali pa "from", mara nyingi simu inakupitisha, kwa sababu yote ni maneno sahihi. Tena katika chumba cha mtihani simu hairuhusiwi.

Wapo pia watakaosema kwamba nataka makosa yaachwe yapite. Hasha. Mwalimu wangu wa chuo hakuniachia hata harakati moja. Alinirudisha mara kumi katika aya moja, lakini sikumbuki hata siku moja alipowaruhusu wenzangu wanicheke. Kusahihisha ni kumpa mtoto haki yake, na kumdhihaki ni kumnyang'anya. Yule karani angeweza kuniambia kwa sauti ya chini, "Kijana, hapa t ni moja," nami ningemshukuru mpaka leo.

Binti yangu sasa ana daftari lake la makosa. Neno la kwanza humo ni "beautiful". Amelikata vipande vitatu, beau-ti-ful, na analitaja kwa sauti kama anavyotaja herufi za juzuu. Wiki chache baadaye insha yake ilirudi ina makosa mengi kuliko ile ya kwanza. Nilifurahi, kwa sababu ilikuwa ndefu mara mbili, na bahari yake safari hii ilikuwa na rangi, na mawimbi, na harufu.

Wazazi wenzangu, tuwasahihishe watoto wetu bila kuwavunja. Nanyi wanafunzi, andikeni neno mnalolitaka, mkikosea mtasahihishwa. Namuomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa na atujaalie kauli njema kwa wanaojifunza. Amin.