Shauri la uchaguzi lisiwe mzigo kwa mkulima



Wananchi wa vijijini Dodoma wanastahili njia nyepesi ya kufungua shauri la uchaguzi, yaani ombi la kuitaka mahakama itengue matokeo. Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024, mgombea mmoja wa uenyekiti wa kitongoji, jirani wa mwandishi wa barua hii, aliacha shamba la uwele mvua za kwanza zikinyesha, akasafiri hadi mjini kufungua shauri, akaelezwa kwamba hati yake ina kasoro, naye hakuwa na fedha za wakili. Malalamiko yake hayakusikilizwa kamwe, jambo linaloumiza sana. TAMISEMI, inayosimamia serikali za mitaa, na Wizara ya Katiba na Sheria zijibu: msaada wa kisheria utafika lini vitongojini?

Msomaji,
Dodoma