Bahasha ya Kodi Isilale Kabatini

Wasomaji wengi wanaikumbuka aibu iliyotokea kwenye tuzo za Oscar, Hollywood, usiku wa tarehe 26 Februari 2017. Warren Beatty na Faye Dunaway walipanda jukwaani kutangaza filamu bora. Beatty akafungua bahasha, akaitazama karatasi, akasita, akachungulia tena ndani ya bahasha, kisha akampa mwenzake, naye akatamka La La Land. Watengenezaji wa filamu hiyo wakapanda, wakakumbatiana, wakaanza kutoa shukrani. Mshindi alikuwa Moonlight.

Bahasha ile ilikuwa ya mwigizaji bora wa kike, tuzo ambayo Emma Stone alikuwa amekwisha kupewa dakika chache kabla. Kila tuzo ilikuwa na bahasha mbili, moja kila upande wa jukwaa, na mhasibu wa PricewaterhouseCoopers, kampuni iliyosimamia kura za tuzo hizo kwa zaidi ya miaka 80, alikabidhi ile ya akiba iliyopaswa kuwekwa kando. Kukosea kukabidhi kunaweza kumpata yeyote. Kinachonisikitisha ni kwamba jina la tuzo lilikuwa limeandikwa juu ya bahasha, Beatty aliona kuna kasoro, wahasibu waliokuwa wakiwajua washindi walikuwa pale pale, na bado shukrani ziliendelea kwa dakika mbili na zaidi. Mtu mmoja angesema mapema, mambo yangekwisha kwa kuombana radhi.

Kunyamaza kwa namna hiyo ndiko kunakowaangamiza watu wenye madeni ya kodi. Leo nasema na ndugu zetu walioko Marekani, hasa madereva wa teksi na malori na wote wafanyao kazi za mkataba bila mwajiri kuwakata kodi. Barua ya idara ya mapato, IRS, inafika, mtu anaiona nembo, moyo unamwenda mbio, anaitupa kabatini. Ndugu yangu, barua hiyo ina tarehe ndani yake, na tarehe hiyo haikungoji.

Anayechelewa kulipa hutozwa riba, na juu yake adhabu ya nusu asilimia ya deni kwa kila mwezi. Asiyepeleka ritani ya kodi huumia zaidi, maana adhabu yake ni asilimia 5 kwa mwezi, hadi kufikia 25. Basi hata kama huna senti mfukoni, peleka ritani kwa wakati.

Kwanza huja barua ya kudai, kisha za kukumbusha, kisha ya kuonya. Mwisho huja ilani ya kwamba mali yako itakamatwa, nayo inakupa siku 30 za kuomba usikilizwe. Zikipita kimya, IRS inaweza kumwagiza mwajiri akate mshahara wako hadi deni liishe, au kuiagiza benki ishike fedha zako. Benki huzishika siku 21 kabla ya kuzipeleka serikalini, na siku hizo zimewekwa ili mdaiwa apate nafasi ya kuzungumza. Deni likiwa kubwa sana, hata pasipoti ya Kimarekani yaweza kunyimwa. Wala msidhani ni ukali wa Wamarekani peke yao: TRA ya Tanzania na KRA ya Kenya nazo zina mamlaka ya kuiagiza benki ilipe deni la kodi kutoka akaunti ya mdaiwa.

Wako wanaonong'onezana kwamba deni hufa lenyewe baada ya miaka 10. Ni kweli sheria imeweka muda huo, tangu kodi ilipokadiriwa. Lakini yapo mambo yanayosimamisha hesabu ya miaka hiyo, na katika muda wote huo mshahara unaweza kukatwa. Nani ataishi hivyo na watoto wanasoma? Anayejitokeza hupewa njia: kulipa kidogo kidogo kila mwezi, kusubiriwa kwa muda ikiwa hali ni mbaya kweli, na mara nyingine kukubaliwa kulipa pungufu ya deni lote.

Hofu hii wameiona matapeli nao. Hupiga simu, hutisha kwamba polisi wako njiani, hudai malipo kwa kadi za zawadi za madukani. Kateni simu hizo. Tangu Aprili 2017 IRS imetumia pia kampuni binafsi kudai madeni ya zamani, lakini mdaiwa hutumiwa barua kwanza, kampuni hizo hazina uwezo wa kukamata mali, na malipo huenda Hazina ya Marekani.

Asiyeweza kumlipa wakili aulize kliniki za walipakodi wenye kipato kidogo, zinazowatetea watu mbele ya IRS bure au kwa ada ndogo, hata wasiojua Kiingereza. Aende na barua yenyewe, tena kabla siku 30 za ilani hazijaisha.