Pesa ya Watu Isikae na Yako

Tuseme wewe ni mwanafunzi wa sheria, umerudi Ngomeni likizo, na wavuvi wamekufanya mweka hazina kwa kuwa “umesoma”. Simu inasoma 18,400. Kati ya hizo, 15,000 ni za kutengeneza injini ya boti. Zako ni 3,400 tu. Unalipa matatu ya Malindi, bando, chakula, mdogo wako naye unamtumia kidogo. Ijumaa fundi anataka pesa yake, salio ni 13,900. Hujaiba, lakini 1,100 za wenyewe hazipo.

Kwa wakili hilo si jambo dogo. Kanuni za Hesabu za Mawakili hapa Kenya zinamtaka aweke pesa za mteja kwenye akaunti ya wateja, kando na zake. Akizichezea, jina lake laweza kufutwa kwenye orodha ya mawakili. Sisi tunaona kungoja hadi Kenya School of Law ndio ufunzwe hesabu ni kuchelewa. Anza na simu: pesa ya kikundi ipe laini yake, na kila jioni linganisha daftari na salio. Ada ya kutuma nayo iandikwe, maana hiyo ndiyo husahaulika, na ndiyo huzua maneno pale ufuoni.