Matofali siyo mkeka, acheni kutuchanganya!

Hili nimelibana siku tatu, leo nalitema.

Kuna jamaa wa bloku yetu, mwenzangu wa kozi ya ualimu na wa kulekule kwetu Karagwe. Kila akitukuta tumeinamia kompyuta tunacheza Tetris ya mtandaoni, anasema "hawa nao wanabeti". Yeye mwenyewe bumu likiingia Ijumaa, Jumatatu anaomba hela ya chapati kwa sababu mkeka umechanwa na timu moja. Na wapo wengi kama yeye hapa chuoni. Huyo ndiye atufundishe matumizi ya muda? Hapana jamani.

Tuanze na jina. Sheria ya mwaka 2003 inaiita hiyo biashara michezo ya kubahatisha, na neno linajieleza. Ukishaweka hela, wanaokimbia ni watu 22 walioko mbali, we umekaa kitandani unaomba Mungu. Tetris aliitengeneza Alexey Pajitnov kule Moscow mwaka 1984, na tangu hapo kosa ni lako na ushindi ni wako.

Kwa wasiojua, inachezwa hivi. Unafungua Jstris au TETR.IO kwenye kompyuta, zote bure. Una uwanja wa safu 10 kwa mistari 20, vipande vinashuka kimoja kimoja, kila kimoja kina miraba minne. Ukijaza mstari mzima unafutika. Hadi hapo ni gemu lile la kaka zetu. Tofauti ni kwamba kuna mtu upande wa pili, na mistari unayofuta inageuka takataka zinazomwinukia kutoka chini. Kwa kanuni za kawaida, mstari mmoja haumpelekei kitu, miwili inampelekea mmoja, mitatu inampelekea miwili, lakini minne kwa mpigo inampelekea minne yote. Ndiyo maana anayefuta mojamoja kwa woga anapigwa mapema. Acha safu ya pembeni wazi, jenga ngazi nne zisizo na mashimo, subiri ile fimbo ndefu, ichomeke. Na takataka zikiwa njiani kuja kwako, futa haraka, maana mistari yako inazipunguza kabla hazijafika. Kuna kitufe cha kuweka kipande akiba, kitumie! Wageni wengi wanakisahau mpaka wanakufa nacho.

Atasema, "lakini vipande vinakuja kwa bahati". Siyo kihivyo. Matoleo ya sasa yanachanganya maumbo yote 7 kama kwenye mfuko, yanatoka yote, ndipo mfuko unachanganywa upya. Mpangilio wa mfuko mmoja unaweza kuwa wa namna 5,040, lakini kati ya fimbo na fimbo hakuwezi kupita zaidi ya vipande 12. Tena mnaonyeshwa vinavyofuata. Nani aliwahi kuonyeshwa magoli yanayofuata?

Halafu huyuhuyu jamaa anaheshimu bao! Kwetu tumezungukwa na mchezo huo: vuka mto Kagera pale Murongo uingie Uganda, utakuta omweso, shuka upande wa Rwanda, utakuta igisoro. Zote mashimo 32, kete 64. Mzee anayekokotoa kete kichwani anaitwa mwenye akili, kijana anayepanga maumbo kichwani anaitwa mcheza kamari. Kisa ana kioo mbele yake?

Hoja yake moja naikubali, muda. "Moja ya mwisho" huwa haiishi, na asubuhi kipindi cha saa moja kinakungoja. Sawa. Lakini hiyo ni kesi ya usingizi, siyo ya kamari, na hela yangu asubuhi bado ipo.

Na kwa sisi walimu kuna kubwa zaidi. Nilipokuwa fildi Kyerwa, shule haikuwa na kompyuta hata moja ya wanafunzi. Nilikata yale maumbo saba kwenye maboksi, nikawauliza kidato cha pili: je, vipande hivi saba, miraba 28, vinaweza kujaza mstatili wa 4 kwa 7? Walihangaika kipindi kizima, wengine wakaapa kimebaki kidogo tu. Kesho yake tukapaka mstatili rangi kama ubao wa drafti, nyeusi 14 na nyeupe 14. Maumbo sita kila moja linafunika nyeusi mbili na nyeupe mbili. Ile T peke yake inafunika tatu na moja. Jumla inakuwa 15 kwa 13, haiwezekani milele! Binti mmoja wa nyuma, ambaye hajawahi kunyoosha mkono, ndiye aliyeliona kabla sijamaliza kupaka. Sasa naomba mtu aniletee mkeka uliowahi kufundisha uthibitisho.

Basi tusibishane kwa maneno. Jumamosi saa tatu usiku, chumbani kwetu, kompyuta mbili zipo, bando tunachanga (inakula kidogo kuliko video zenu). Karagwe dhidi ya Kyerwa, maana tangu tulipogawanywa wilaya mwaka 2012 huu ubishi haujaisha. Jamaa wa mikeka naye aje, kiingilio hakuna, wala hakuna wa kumpa odi.