Fundi Anataka Kukuwekea Feni ya Umeme Kwa Ndai ya Zamani? Muulize Hii Kwanza

Tuambizane ukweli. Kama uko na Datsun 1200, Land Rover Series ama ile Peugeot 504 uliachiwa na buda, unajua jam ya Mombasa Road ndiyo adui yako. Barabara ikiwa wazi mshale wa joto unatulia. Ukikwama dakika ishirini, unapanda, mvuke unafuka kwa boneti na makanga wanakucheka.

Siku hizi fundi ana jibu moja: toa feni ya zamani, weka ya umeme. Anapitia Kirinyaga Road, anarudi na ya Vitz, anaunga waya mbili, unatoa doo.

Wazo lenyewe si baya. Feni ya kitambo inazungushwa na injini kwa mkanda. Kwa jam injini inanguruma polepole, kwa hivyo feni pia inalala, wakati ule ule unaihitaji sana. Ukishika kasi inazunguka kwa fujo, na hapo upepo wa barabara tayari umefanya kazi. Ya umeme haingoji injini. Na kumbuka Nairobi tuko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Maji hapa yanachemka kwa nyuzi 94 ama 95 hivi, si 100. Kifuniko cha rejeta kikichoka kushika presha, umeisha.

(Wa 504, tulia kidogo. Feni yako ya kiwandani iko na klachi ya sumaku inayoiachilia injini ikiwa baridi. Kama imekufa, ifufue kabla ya kuitupa.)

Shida ni stima. Land Rover nyingi za miaka ya mwanzo ya 1960 zinatumia dainamo ya Lucas C40, ambayo hata ukikanyaga vipi inatoa ampea 22. Feni inaweza kula 10 hadi 15. Ongeza taa na waipa usiku wa mvua, hesabu inakataa. Mbaya zaidi, dainamo injini ikiwa imetulia haichaji karibu chochote. Yaani kwa jam, feni inakunywa betri peke yake. Hutachemsha, lakini utasukuma. Bila altaneta, hiyo kazi usianze.

Kuna magari ya Uingereza ya enzi hizo ambayo bodi imeungwa na chanya ya betri. Fundi asipojua, feni inazunguka kinyume na kupigana na upepo. Shika karatasi mbele ya grili: feni ikivuta, karatasi itanata.

Halafu waya. Feni ikiungwa moja kwa moja kwa swichi ya funguo, bila rilei wala fyuzi, waya wa miaka 50 unaweza kuwaka moto. Fundi akisema fyuzi si lazima, chukua funguo zako uende.

Swali la mwisho: themostati iko? Mafundi wengi huitoa wakidai inaleta joto, injini inabaki baridi asubuhi na kunywa petroli zaidi. Kama rejeta imeziba kwa kutu na maji ya mtaro, feni mpya itaficha ugonjwa tu mpaka gasketi ya hedi iungue.

Wa Beetle, pole. Yako haina rejeta.