Mwamba Ngoma na Ajitaje

Wahenga walinena kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii hutajwa sana wanasiasa wanapogawana vyeo na jamaa wanapogawana urithi. Ni nadra kuisikia katika kumbi za wasomi, ilhali huko nako ngoma huwambwa kila siku: makala huandikwa, hupitiwa, kisha huchapishwa au hukataliwa, na kila aishikaye ngozi hiyo ana upande aliokalia.

Hali hii ndiyo iitwayo mgongano wa maslahi. Hutokea pale mtu anapokabidhiwa kuamua kwa haki jambo ambalo lenyewe laweza kumfaidi au kumtia hasara. Ieleweke kuwa mgongano huu peke yake si wizi wala si uongo. Aghalabu mtu hujikuta tu ndani yake. Kinachougeuza kuwa kosa ni kufichwa.

Mfano mashuhuri ni wa jarida la tiba la Uingereza, The Lancet. Mnamo Februari 1998 lilichapisha makala ya daktari Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyodokeza uhusiano baina ya usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Mwaka 2004, mwanahabari Brian Deer alifichua kuwa Wakefield alikuwa amelipwa kwa kazi ya mawakili waliokuwa wakiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo hiyo. Wasomaji hawakuwa wameambiwa. Tafiti zilizofuata hazikuuona uhusiano huo, na mwaka 2010 jarida liliifuta makala yenyewe. Miaka 12 ilikuwa imepita, na wazazi wengi walikuwa wamekwisha kuwanyima watoto wao kinga.

Itasemwa kuwa mhakiki wa fasihi halipwi na kampuni ya dawa, na kwamba uhakiki mbovu haumwui mtoto. Ni kweli. Hata hivyo, taaluma ya Kiswahili ina maslahi yake. Kuna mhakiki ambaye pia ni mtunzi. Kuna anayesifu riwaya katika jarida huku akiuandikia riwaya hiyo hiyo mwongozo wa shule. Kuna mhariri anayeteua hadithi yake mwenyewe kuingia katika mkusanyiko anaouhariri. Kuna msimamizi anayetia jina lake kwenye makala iliyochotwa katika tasnifu ya mwanafunzi, bila ya kuandika hata aya moja.

Aidha, uwanja wenyewe ni mdogo. Majarida huondoa jina la mwandishi kabla ya kumpelekea mpitiaji makala, lakini pazia hilo ni jepesi mno. Anayechunguza tenzi za Lamu hutambulika kwa mifano yake. Mwanafunzi hutambulika kwa nadharia ya mwalimu wake. Ukisemwa kila mwenye uhusiano na mwandishi ajitoe, huenda asibaki wa kupitia makala. Dawa ya kwanza, basi, ni kutamka.

Kutamka si jambo geni katika fasihi hii. Mwaka 1954, Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake katika kitabu kimoja. Mwaka 1979, Mulokozi na Kahigi walitoa *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu*, wakitetea ushairi usiofungwa na sheria hizo. Kambi hizo mbili hazikupatana, lakini zote ziliweka hoja na tungo zao ndani ya jalada moja. Msomaji alijua tangu mwanzo kuwa anayeeleza ushairi ulivyo ni mshairi mwenye upande, akazipima hoja kwa kipimo hicho. Mjadala haukudhoofika kwa hilo. Ungali ukifundishwa hadi leo.

Anayeumia zaidi pasipo na tamko ni mwanafunzi. Siku hizi wengi wa uzamili na uzamifu hutakiwa kuchapisha makala ndipo wahitimu. Makala inayopinga nadharia ya mkubwa fulani ikiangukia mikononi mwa mkubwa huyo au mwandani wake, hukataliwa kwa sentensi mbili, na mwanafunzi hana pa kukata rufaa. Kesi ya nyani imeamuliwa na ngedere. Mwaka unaofuata, mwanafunzi huyo huchagua mada isiyomuudhi mtu, na taaluma hupoteza swali ambalo huenda lingeifaa.

Yanayohitajika hayana gharama kubwa. Kila makala iwe na mstari mmoja unaotaja aliyeifadhili, na uhusiano wa mwandishi na kazi anayoihakiki. Mpitiaji amweleze mhariri anachokijua kabla ya kuanza kusoma. Mhariri mwenye makala yake jaridani aiache mikononi mwa mwenzake, na wasomaji waarifiwe. Inapobidi, makala ya Eldoret ipelekwe Zanzibar au Leipzig, kwani Kiswahili kina wataalamu kote huko. Kenya ilipitisha Sheria ya Mgongano wa Maslahi mwaka 2025 ili kuwabana maafisa wa umma. Itakuwa aibu wasomi wasubiri kusukumwa na sheria katika jambo ambalo methali iliwafunza zamani.

Ngozi itaendelea kuvutwa, maana hakuna awambaye ngoma akiwa hana upande. Wachezaji wana haki ya kujua ni nani aliyeivuta, na kuelekea wapi.