Shamba Haliuzwi kwa Bei ya Msimu Mmoja

Mwandishi chipukizi wa Kigali akiletewa mkataba unaodai haki zote, kwa lugha zote, daima, kwa malipo ya mara moja, asitie saini. Huko si kuchapishwa. Ni kunyang'anywa kwa kalamu.

Rwanda imo katika Mkataba wa Berne tangu mwaka 1984. Mkataba huo humlinda mwandishi maisha yake yote, na warithi wake kwa miaka isiyopungua 50 baada ya kifo chake. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Je, hadithi yake ya Kinyarwanda ikitafsiriwa kesho kwa Kiswahili, nani atalipwa? Si yeye, wala si wanawe.

Wachapishaji wadogo hujitetea kwamba hasara ni yao. Ni kweli. Basi na wapewe lugha moja, kwa miaka michache. Walipe mrabaha kwa kila nakala iuzwayo. Na kitabu kikiadimika madukani, haki zimrudie mwenyewe. Udogo wa mtaji hauhalalishi ukubwa wa tamaa.

Wanafunzi wangu, mali bila daftari huisha bila habari. Someni kwanza, ndipo mtie saini.